DVD nilizochoma zinacheza kwenye kompyuta, deki moja inazikataa na nyingine inaganda katikati

kanda_mbili

Wakuu, naomba msaada wa kitaalamu. Nachoma video kwenye DVD ili zichezwe kwenye deki za kawaida za sebuleni, siyo kwenye kompyuta. Hali ilivyo:

Diski ni DVD+R za 16x, na nazichoma kwa 16x hiyohiyo. Video ina dakika 118. Folda ya VIDEO_TS (yenye faili za DVD) imefika GB 4.37 kwa hesabu ya kompyuta, yaani diski inajaa hadi ukingoni. Picha ni MPEG-2, 720x576, bitireti (kiasi cha data kwa sekunde) inayopanda na kushuka, kikomo nimeweka kilobiti 9,800. Sauti nimeiacha PCM (isiyobanwa) ili isipoteze ubora. Vipande vingine vimetoka kwenye kamera, vingine kwenye simu. Kuchoma kwenyewe naburuta folda kwenye programu ya kuchoma data, nabonyeza, basi.

Deki ya kwanza, ya zamani, inazungusha kidogo halafu inaandika NO DISC. Ya pili inafungua, menyu inakuja, lakini penye mwendo mwingi picha inaganda sekunde moja mbili, na ikifika saa moja na dakika ishirini hivi inakatakata mpaka mwisho. Kwenye vipande vya simu sauti inazidi kuachana na midomo. Kwenye kompyuta yote haya hayapo. Mbovu ni diski, deki au mimi?

wimbi650

Mkuu, hapo una matatizo manne tofauti yaliyovaa nguo moja. Ukiyatibu kwa pamoja hutajua dawa ipi imefanya kazi. Sheria ya haraka: angalia deki inakwama *wapi*. Ikikataa diski kabla ya menyu, shida ni diski yenyewe au jinsi ilivyofungwa. Ikiiona lakini ikasema haijui umbizo, shida ni mpangilio wa faili. Ikiganda sehemu ileile kila mara, mahali popote pale kwenye diski, shida ni bitireti. Ikianza vizuri kisha ikaharibika kadiri inavyoenda mwisho, shida ni ubora wa uchomaji kwenye ukingo wa nje.

Kwamba kompyuta inacheza haina maana yoyote hapa. Draivu ya kompyuta ikikosa kusoma sekta (kipande kidogo cha data) inarudia, inapunguza mzunguko, inarudia tena, nawe huoni kitu kwa sababu programu imeshavuta data ya mbele. Deki inasoma kwa kasi inayokaribia 1x, yaani megabiti 11 hivi kwa sekunde, na bafa yake (hifadhi ya muda ya data) ni ndogo. Ikirudia mara mbili tatu bafa inakauka na picha inaganda.

Nianze na deki ya kwanza. DVD+R iliingia sokoni mwaka 2002. DVD-R ilitangulia, 1997. Kila diski ina alama mwanzoni inayoiambia deki "mimi ni aina fulani". Deki nyingi za zamani zikikuta alama ya +R zinakataa hapohapo, ingawa leza yake ingeweza kuisoma bila shida: uakisi wa mwanga wa +R na -R za tabaka moja ni asilimia 45 kwenda juu, sawa na diski ya kiwandani. Kwa hiyo kuna njia mbili.

Ya kwanza, nunua DVD-R. Kwa deki za zamani ndilo chaguo salama zaidi bila kuumiza kichwa.

Ya pili, ibadilishe alama ya hiyo DVD+R iwe DVD-ROM, yaani diski ya kiwandani. Kwenye ImgBurn (programu ya kuchoma diski) utaikuta chini ya kitufe chenye picha ya kitabu, imeandikwa Change Book Type. Unachagua chapa ya draivu yako, unachagua "DVD+R", unaweka "DVD-ROM", ndipo unachoma. Lazima ufanye *kabla* ya kuchoma, kwa sababu +R ikishaandikwa haibadiliki. DVD+RW unaweza kuibadilisha hata baadaye. DVD-R haibadiliki kabisa, lakini pia haina haja. Si kila draivu inakubali amri hiyo. Ukiona imekataa, rudi kwenye njia ya kwanza.

Halafu hakikisha diski imefungwa. Diski iliyoachwa wazi ili uongeze data baadaye itasomwa na kompyuta, lakini deki nyingi zitaiona tupu. Zima "multisession", washa "finalize" au "close disc".

Jambo moja dogo ambalo halikuhusu leo kwa kuwa umejaza diski, ila litamhusu mtu: diski yenye video fupi sana, chini ya GB 1 hivi, baadhi ya deki huikataa kwa sababu eneo lililoandikwa ni jembamba mno. Programu ikikuuliza kama iongeze mpaka GB 1, kubali.

ukingo_wa_nje

Naongezea hapo kwenye saa moja na dakika ishirini, maana hiyo namba inasema mengi.

DVD inasomwa kutoka ndani kwenda nje. Data inaanza milimita 24 kutoka katikati na kuishia milimita 58. Dakika 80 kati ya 118 ni theluthi mbili ya data, na ukipiga hesabu ya eneo unajikuta kwenye milimita 49 hivi. Maana yake diski yako ni nzuri ndani na mbovu kwenye milimita 9 za mwisho. Huo ni ugonjwa wa kuchoma kwa kasi.

Ukichagua 16x, draivu haichomi kwa 16x muda wote. Inazungusha diski kwa mzunguko usiobadilika, kwa hiyo ndani inaandika kwa kama 6x na inafikia 16x kule nje tu, mahali ambapo diski inayumba zaidi, tabaka la rangi inayochomwa na leza halijatandazwa sawasawa na plastiki inapinda kidogo. Kasi kubwa kabisa inakutana na sehemu dhaifu kabisa.

Basi choma kwa 8x. Usishuke hadi 1x au 2x ukidhani polepole ndiyo bora zaidi. Hiyo imani imebaki tangu enzi za CD. Rangi ya diski ya 16x imetengenezwa kupokea leza yenye nguvu kwa muda mfupi. Na ndani ya draivu kuna jedwali la mapigo ya leza kwa kila diski inayoijua na kila kasi. Kwa diski za 16x jedwali hilo mara nyingi limepimwa vizuri kwa 8x na 12x, na kasi ya chini sana wakati mwingine inatoa makosa mengi kuliko 8x. Kati ya 6x na 8x kwa diski ya 16x, 4x kwa diski ya 8x: anzia hapo.

Jedwali hilo linaitambua diski kwa msimbo wake, siyo kwa jina la kwenye kasha. Weka diski tupu, fungua ImgBurn, upande wa kulia utaona Disc ID. Kwa mfano MCC 03RG20 ni DVD-R ya 16x ya Mitsubishi, TYG03 ni ya Taiyo Yuden. Kampuni moja ya kuuza inaweza kuweka diski za viwanda vitatu ndani ya kasha linalofanana, ndiyo maana watu wanabishana mtandaoni kwamba chapa fulani nzuri au mbaya na wote wako sahihi. Ukipata msimbo unaokubaliana na draivu yako, uandike mahali. Msimbo usiojulikana na draivu huchomwa kwa mapigo ya kubahatisha. Kusasisha programu ya ndani ya draivu huongeza misimbo kwenye jedwali, kama mtengenezaji bado anatoa masasisho.

Tena acha kujaza hadi mwisho. Diski ya GB 4.7 kwenye kasha ni baiti bilioni 4.7, kompyuta inayohesabu kwa 1,024 inaisoma kama 4.38. Wewe uko 4.37. Lenga baiti bilioni 4.3, yaani GB 4.0 kwa kompyuta, na ile pete mbaya ya mwisho hutaigusa. Kwa anayependa kubana mpaka tone la mwisho: DVD-R inabeba baiti 4,707,319,808 na DVD+R 4,700,372,992, kwa hiyo imeji (faili moja yenye nakala ya diski nzima) iliyojaza -R inaweza kukataa kuingia kwenye +R.

fremu25

Hao wamemaliza diski. Mimi nahamia kwenye video, maana kuganda penye mwendo mwingi hakutaondoka hata ukibadilisha diski mia.

DVD-Video ina kikomo cha megabiti 10.08 kwa sekunde kwa *kila kitu*: picha, sauti, manukuu. Picha peke yake isizidi 9.8. Wewe umeruhusu picha ifike 9,800 kisha ukaongeza PCM ya stereo, ambayo ni kilobiti 1,536. Jumla 11,336. Penye mwendo mwingi unazidi kikomo, deki haiwezi kusoma haraka hivyo, inaganda. Kuna programu za kutengeneza DVD zinazotoa onyo tu kisha zinaendelea, nawe ukalipita onyo.

Badilisha sauti iwe AC-3 (sauti iliyobanwa), kilobiti 192 kwa stereo, 48 kHz. Hutasikia tofauti kwenye spika za TV, na umepata zaidi ya kilobiti 1,300 za kuipa picha. 44.1 kHz hairuhusiwi kwenye DVD-Video.

Sasa bitireti ya wastani. Baiti bilioni 4.3 ni kilobiti 34,400,000. Gawa kwa sekunde 7,080 (dakika 118): 4,858. Toa sauti 192: 4,666. Toa asilimia 3 hivi ya vifungashio vya data: karibu 4,500. Hiyo ndiyo wastani. Kikomo cha juu weka 8,000, usiende 9,000 hata kama kanuni inaruhusu. Diski ya kuchoma inahitaji nafasi ya deki kurudia kusoma. Diski ya kiwandani haihitaji sana.

Vipande vya simu ni kesi nyingine. Simu hurekodi kwa fremu zisizo na kasi moja: mahali 30 kwa sekunde, penye giza 24, na kadhalika. DVD inataka 25 kamili au 29.97 kamili. Programu ikichukulia kwamba kasi ni moja, sauti inaachana na picha taratibu. Nyoosha kila kipande cha simu kwa ffmpeg (programu ya kugeuza video kwa amri) *kabla* ya kukiingiza kwenye uhariri:

`ffmpeg -i simu.mp4 -vf fps=25 -af aresample=async=1 -c:v libx264 -crf 16 -c:a pcm_s16le -ar 48000 simu_25.mov`

Baada ya kuhariri, geuza kazi nzima mara moja tu:

`ffmpeg -i kazi.mov -target pal-dvd -aspect 16:9 -b:v 4500k -maxrate 8000k -b:a 192k kazi.mpg`

Hiyo `-target pal-dvd` inajiwekea yenyewe 720x576, fremu 25, AC-3, 48 kHz, kundi la fremu 15 na ukubwa wa bafa unaotakiwa. Andika `-b:a 192k` kwa mkono, vinginevyo inaweka 448. Kama chanzo siyo 16:9, ongeza pindo nyeusi kwenye uhariri kwanza, la sivyo watu watanenepa.

Kama karibu video yote ni ya simu ya fremu 30, kuibana iwe 25 kutafanya mwendo urukeruke. Hapo ni afadhali `-target ntsc-dvd`, na kule kwenye kunyoosha weka `fps=30000/1001`. Deki nyingi za PAL (mfumo wa fremu 25) hucheza NTSC (mfumo wa fremu 29.97) bila tatizo. Kinyume chake hakiaminiki: deki nyingi za NTSC zinakataa PAL.

kanda_mbili

Asanteni sana wakuu, hesabu ya 11,336 imenifungua macho. Maswali mawili. Kuburuta folda ya VIDEO_TS kuna ubaya gani ikiwa faili zote zinaingia? Na nitajuaje diski ni nzima bila kukaa saa mbili mbele ya deki?

wimbi650

Faili zinaingia, lakini deki haitafuti faili kwa majina kama kompyuta. Ndani ya IFO (faili ya maelekezo) kuna anwani za sekta: "menyu iko sekta kadhaa kutoka hapa". Kwa hiyo ndani ya kila seti lazima IFO itangulie, VOB (faili za picha na sauti) zifuate kwa namba bila pengo, BUP imalizie. Programu ya data inaweza kuzipanga kwa alfabeti, na hapo BUP inatangulia IFO. Kompyuta inasamehe, deki haisamehe.

BUP ni nakala ya IFO. DVD inasahihisha makosa kwa mafungu ya sekta 16, KB 32. IFO na BUP zikikaa fungu moja, mkwaruzo mmoja unaua zote mbili na nakala inakuwa haina kazi. Programu inayojua DVD-Video huzitenganisha yenyewe.

Mfumo wa faili nao uwe ISO 9660 pamoja na UDF 1.02. Ukichagua UDF 2.50 kwa sababu namba ni kubwa, deki nyingi hazitaifungua. VIDEO_TS iwe juu kabisa, herufi kubwa, isiwe ndani ya folda nyingine.

Kwenye ImgBurn, hali ya Build hushughulikia yote haya ukiipa VIDEO_TS. Kwenye Linux:

`export VIDEO_FORMAT=PAL`
`dvdauthor -o dvd/ -t kazi.mpg`
`dvdauthor -o dvd/ -T`
`genisoimage -dvd-video -V KAZI -o kazi.iso dvd/`
`growisofs -dvd-compat -speed=8 -Z /dev/sr0=kazi.iso`

Ule mstari wa tatu wenye `-T` watu huusahau. Ndio unaotengeneza VIDEO_TS.IFO, faili ambayo deki inaisoma kwanza. Ukikosa huo, diski imechomwa vizuri na haina mlango. Na `-dvd-compat` ndiyo inayofunga diski.

Tengeneza imeji daima, kisha choma imeji. Ifungue kwanza kwa VLC uzungukie menyu yote. Kosa la menyu ligundulike kabla diski haijaliwa. Eneo la kuchezwa (region) weka maeneo yote.

ukingo_wa_nje

Swali la pili nalichukua mimi. Kuna ngazi tatu.

Ya kwanza ni kulinganisha data. ImgBurn ina Verify. Kwenye Linux toa diski, irudishe, halafu:

`cmp -n $(stat -c %s kazi.iso) kazi.iso /dev/sr0`

Isiposema kitu, kila baiti imesomeka. Lakini imesomeka kwa *draivu iliyoichoma*, tena pengine baada ya kurudia. Ni ushahidi dhaifu.

Ya pili ndiyo ninayoiona ya maana zaidi kwa kazi yako: mchoro wa kasi ya kusoma. Nero DiscSpeed inao, na draivu yoyote inaweza. Mstari unatakiwa upande taratibu kutoka karibu 6x hadi 16x bila meno. Ukiona unashuka ghafla na kupanda, hapo draivu imerudia, na deki itaganda palepale. Inachukua dakika tano sita. Fanya kwenye draivu tofauti na iliyochoma, ukiweza.

Ya tatu ni kuhesabu makosa yenyewe, PI (makosa yanayokutwa katika sahihisho la kwanza) na PIF (yale ambayo sahihisho hilo limeshindwa). Viwango vinavyotumiwa ni PI isizidi 280 kwa mafungu 8 na PIF isizidi 4 kwa fungu 1. Diski nzuri inakaa chini sana ya hapo. Draivu nyingi hazitoi hesabu hizo, na draivu mbili zitakupa namba mbili kwa diski moja, kwa hiyo linganisha diski kwa draivu ileile tu. Angalia umbo kuliko namba: mlima unaoanza kuinuka kwenye GB 3 ndio ule ukingo wako.

lebo_hapana

Fupi tu. Msibandike karatasi ya lebo kwenye DVD. Ikikaa pembeni kwa milimita moja diski inayumba, na gundi ikikauka inavuta plastiki inapinda. Dakika ishirini ndani ya deki yenye joto inatosha kuonyesha shida ambayo haikuwepo mwanzoni. Tumia diski za kuchapishwa juu kwa printa, au kalamu laini yenye wino wa maji. Kalamu ya bolpeni inakwaruza.

Usomaji ni upande wa pili: futa kwa kitambaa laini kikavu kutoka katikati kwenda nje, mstari ulionyooka. Ukifuta kwa kuzunguka, mkwaruzo unafuata njia ya data na kula fungu zima la sahihisho. Diski zikae wima kwenye kasha, mbali na jua. Rangi ya kuchomea inafifia kwa mwanga na joto.

Kabla ya kumlaumu mchomaji, weka DVD ya kiwandani kwenye deki hiyohiyo. Nayo ikikatakata, lenzi ni chafu au leza imechoka. Kumbuka deki hutumia leza ya nanomita 650 kwa DVD na 780 kwa CD, kwa hiyo deki inaweza kucheza CD vizuri kabisa na leza ya DVD imekufa.

kanda_mbili

Nimeelewa. Je, nikijaribu kwanza kwa DVD-RW ili nisiharibu diski? Na kwa video ndefu, nitumie zile za tabaka mbili?

fremu25

RW kwa kujaribu menyu, sauti na mpangilio: sawa, inafaa sana. Kwa kupima kama deki itasoma diski zako: hapana. Uakisi wa RW ni asilimia 18 hadi 30, chini ya -R na +R, kwa hiyo deki ikiikataa hujajifunza lolote kuhusu DVD-R.

Tabaka mbili ziepuke kama unasambazia watu wenye deki mchanganyiko. Uakisi nao uko chini hivyohivyo, na mpito kati ya tabaka lazima uangukie mwanzo wa sehemu ya video iliyogawiwa vizuri, sekta inayogawanyika kwa 16, na tabaka la kwanza lisiwe dogo kuliko la pili. ImgBurn itakuuliza uchague mahali. Chagua palipo kimya, kati ya matukio, maana deki nyingi husita hapo kidogo. Ukilazimika, tumia DVD+R DL, na uhakikishe alama imewekwa DVD-ROM; draivu nyingi huiweka zenyewe kwa aina hii. Vinginevyo gawa video kwenye diski mbili za kawaida. Dakika 59 kila moja kwa hesabu ileile zinakupa nafasi ya kilobiti 9,000 kwa picha, ambayo huihitaji. Weka 6,500 isiyobadilika, diski itaishia mbali na ukingo.

ukingo_wa_nje

Na usichome kumi kwa mkupuo. Choma moja ya DVD-R kwa 8x, pima mchoro, ipeleke kwenye ile deki ya zamani, na ruka moja kwa moja kwa rimoti hadi dakika 10 za mwisho. Pale ndipo itakapoanguka kama itaanguka.